Nimepona fistula, na mume aliyenirudisha kwetu anataka nirejee. Je, kusamehe maana yake ni kurudi?

SWALI

Mama, Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mwanamke wa miaka 27, msharika wa Kanisa la Kilutheri katika Mkoa wa Rukwa. Nakuomba usitaje jina langu wala la kijiji chetu, kwa kuwa watu wa huku wanafahamiana.

Nilifunga ndoa kanisani nikiwa na miaka 21, na mwaka uliofuata nikapata ujauzito. Uchungu uliponianza usiku, mama mkwe alisema hakuna haja ya kwenda popote, kwa sababu yeye amezaa watoto saba palepale nyumbani na wote wako hai. Mimi nilitaka kwenda, lakini nilikuwa mgeni katika nyumba ile na niliona haya kubishana na mkubwa. Siku ya pili jioni, nguvu zikiwa zimeniishia, ndipo walipotafuta pikipiki ya kunipeleka zahanati, na zahanati wakasema hawawezi, tuendelee mpaka hospitali ya wilaya. Huko nilifanyiwa upasuaji, lakini mtoto alikuwa amekwisha kufariki. Baada ya siku chache nikaona mkojo unatoka wenyewe, mchana na usiku, bila mimi kuuzuia.

Mume wangu alivumilia miezi michache. Kwanza alihamia chumba kingine, kisha akaacha kula chakula nilichopika, na siku moja akasema mbele ya ndugu zake kwamba hawezi kuishi na mtu anayenuka. Akanipandisha pikipiki pamoja na sanduku langu, nikarudi kwa wazazi wangu. Aliniambia nitarejea nikipona. Kwa miaka 4 niliyokaa nyumbani hakuja kuniona hata mara moja, na nikasikia anaishi na mwanamke mwingine. Majirani walisema nimelaaniwa, wengine wakasema nilitembea nje ya ndoa, na mhubiri mmoja aliyepita kijijini alimwambia baba yangu kuwa kuna dhambi niliyoificha. Niliacha kwenda kanisani baada ya kuona watu wanahama benchi nililokalia.

Mwaka jana muuguzi mmoja wa kliniki ya watoto alisikia habari zangu kwa mdogo wangu, akasema ugonjwa huo unaitwa fistula na unatibiwa bila malipo. Alipiga simu, nauli ikatumwa kwa simu, nikasafiri mpaka Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam. Nilifanyiwa upasuaji, nikakaa na mpira wa mkojo, na ulipotolewa nilikuwa mkavu. Sasa imepita miezi 9.

Mama, mwili umepona lakini mimi sijapona. Naoga mara nyingi kwa siku na bado nahisi harufu, ingawa mama yangu anasema haipo. Kanisani nakaa benchi la nyuma karibu na mlango. Zamani niliimba sauti ya kwanza katika kwaya ya vijana. Wamenialika nirudi, nimeshindwa. Mchungaji aliniomba nitoe ushuhuda, nikaondoka kabla ibada haijaisha. Tena wapo wanaosema siwezi kudai nimeponywa na Mungu, kwa sababu nimeshonwa na madaktari.

Sasa mume wangu amesikia kuwa nimepona. Mwanamke aliyekuwa naye ameondoka, na amewatuma wazee wawili wa kanisa waje kunirudisha. Wazee wameniambia kwamba Yesu alisema tusamehe saba mara sabini, kwamba nikikataa kurudi nitakuwa nimekataa kusamehe, na kwamba asiyesamehe hasamehewi. Mama yangu analia na kunisihi niilinde ndoa. Baba hasemi kitu. Wazee watakuja mwisho wa mwezi kuchukua jibu. Kila tunaposali Sala ya Bwana, tukifika kwenye kusamehe nanyamaza, nasubiri wenzangu wapite ndipo naendelea. Je, ninatenda dhambi? Na je, Mungu aliniadhibu?

Ninayekaa benchi la nyuma, Rukwa

JIBU

Mwanangu, Bwana Yesu asifiwe sana. Nitaanza na swali uliloliweka mwisho, kwa sababu naona ndilo lililobeba mengine yote. Mungu hakukuadhibu.

Fistula ya uzazi hutokea hivi. Mtoto anaposhindwa kupita, hali ambayo wakunga huiita uchungu pingamizi, kichwa chake hukaa kwa muda mrefu kikiikandamiza nyama laini iliyo kati yake na mfupa wa nyonga ya mama. Damu hukosa kufika mahali pale, nyama hufa, na baada ya siku chache hubanduka na kuacha tundu kati ya kibofu na uke, na kwa baadhi ya wanawake kati ya uke na njia ya haja kubwa. Ndiyo maana hukuona mkojo siku ileile uliyojifungua, bali siku chache baadaye. Jambo hili linaweza kumpata mwanamke mcha Mungu na mwanamke asiyemjua Mungu kabisa, na kinachowatofautisha aliyepata fistula na aliyenusurika, mara nyingi, ni saa zilizopita kabla ya kufika mikononi mwa mtu anayeweza kumfanyia upasuaji. Wewe ulicheleweshwa nyumbani, ukachelewa njiani, na zahanati ulikoanzia haikuwa na uwezo wa kukusaidia. Hakuna uzinzi unaotoboa kibofu cha mtu. Yule mhubiri aliyemwambia baba yako kuwa umeficha dhambi alirudia kosa la wanafunzi katika Yohana sura ya 9, waliomwona kipofu tangu kuzaliwa wakauliza nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake, na Bwana akawajibu kwamba huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake. Natamani baba yako aisome sura hiyo mwenyewe, kwa sababu nashuku kwamba ukimya wake una maneno ya yule mhubiri ndani yake.

Kwa wanaosema umeshonwa tu, wapelekee Isaya 38. Mfalme Hezekia aliugua karibu na kufa, akaomba kwa machozi, na Mungu akamwahidi kumwongezea miaka 15. Hata hivyo, katika sura hiyohiyo, nabii aliyeileta ahadi anaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu la mfalme ili apone. Isaya hakuona kwamba dawa inapunguza utukufu wa Mungu, na Paulo alimwita Luka tabibu mpendwa bila kuona haya. Muuguzi aliyeuliza habari zako, nauli iliyofika kwenye simu, daktari aliyesimama juu yako chumba cha upasuaji: mimi sioni sababu ya kumtoa Mungu katika mnyororo huo. Una haki ya kusema umeponywa na Mungu kama yeyote aliyeombewa akainuka.

Kabla sijaendelea, kuna jambo katika barua yako ambalo sikuweza kulipita. Umeeleza mkojo, harufu, benchi na wazee, lakini mtoto wako amepata nusu ya sentensi. Nafikiri hata waliokuzunguka walimpa kiasi hichohicho. Kwetu mtoto aliyezaliwa mfu huzikwa haraka na wanawake wachache, mara nyingi mama yake akiwa bado kitandani, na baadaye watu huona ni hekima kutomtaja. Kisha mkojo ukaanza, na shida hiyo ikameza msiba. Wewe ni mama uliyefiwa, na hukupewa matanga. Yeremia alimsikia Raheli akiwalilia watoto wake, akikataa kufarijiwa, na Biblia imeuhifadhi ule mlio bila kumkemea. Ninakushauri umwombe mchungaji wako sala ya faragha kwa ajili ya mtoto huyu, wewe na wazazi wako tu mkiwapo, na kama moyoni mwako ulikuwa umempa jina, litamkwe siku hiyo. Inawezekana sehemu ya uzito unaodhani ni chuki dhidi ya mume wako ni kilio ambacho hakijapata nafasi.

Sasa nije kwenye kujiamini kwako. Nadhani umekwisha kumfikiria yule mwanamke wa Marko 5 aliyetokwa na damu miaka 12, kwa maana habari yake inakaribiana sana na yako. Torati, katika Walawi 15, ilisema kitanda alicholala mwanamke wa hali hiyo na kitu alichokalia vilikuwa najisi, na aliyevigusa alipaswa kufua nguo zake na kuoga, naye huwa najisi mpaka jioni. Maana yake ni kwamba kwa miaka 12 watu walihama alipokaa, kama walivyohama benchi lako. Alikuwa ametumia mali yake yote kwa matabibu na hali ikazidi kuwa mbaya. Alikuja kwa nyuma, katikati ya umati, akagusa vazi, na mwili wake ukapona palepale. Angeweza kwenda zake. Yesu alikuwa na haraka, kwa sababu binti wa Yairo alikuwa anakufa, lakini alisimama, akauliza ni nani aliyemgusa, akangoja mpaka yule mwanamke akaja akitetemeka. Kisha akamwambia mbele ya watu wote: “Binti, imani yako imekuponya, enenda zako kwa amani, uwe mzima, usiwe na msiba wako tena.”

Kwa nini asimwache aende, ikiwa damu ilikuwa imekauka? Ninavyoielewa habari hii, ni kwa sababu umati ulikuwa bado haujajua. Mwili ulikuwa mzima, lakini kesho yake sokoni watu wangeendelea kumkwepa, naye angeendelea kupita pembeni. Ilibidi mtu mwenye mamlaka aseme hadharani kwamba mwanamke huyu ni mzima, ili wasipate tena kisingizio. Hivyo uponyaji unaoukosa wewe sasa ni ule wa pili, na sehemu kubwa ya huo si kazi yako. Ni kazi ya usharika wako. Mchungaji anayekuomba ushuhuda angefaa aanze yeye kusimama mimbarani na kufundisha fistula ni nini, husababishwa na nini, hutibiwa wapi, na kuwaambia waziwazi washarika waliohama benchi kwamba walikosea. Tarehe 23 Mei huadhimishwa kila mwaka kuwa siku ya kimataifa ya kutokomeza fistula ya uzazi, na hakuna kinachomzuia kuitenga Jumapili iliyo karibu na tarehe hiyo kwa somo hilo. Afanye hivyo bila kukutaja.

Kuhusu ushuhuda wenyewe, usiutoe mpaka utakapotaka mwenyewe. Siku hizi tunawaharakisha mno waliopona kwenda mbele ya madhabahu, na mara nyingine tunachotaka ni kusikia habari ya kushangaza kuliko kumsaidia aliyeteseka. Habari za mwili wako ni zako. Yule mwanamke alikuja mbele kwa miguu yake, wala Bwana hakumtuma mtu amvute mkono. Huna deni la kueleza kanisa zima jinsi mkojo ulivyokutoka, na kama siku moja utasema maneno matatu tu, kwamba niliugua, nikatibiwa, Bwana asifiwe, huo ni ushuhuda kamili.

Harufu unayoihisi iangalie kwa pande mbili. Baadhi ya wanawake waliofungwa tundu vizuri hubaki na mkojo unaochuruzika kidogo wanapokohoa au kuinua mzigo, na hali hiyo ina matibabu. Basi wapigie simu waliokutibu, waeleze hata kama unaona ni jambo dogo, na uhudhurie tarehe za kupimwa walizokuandikia. Wakikuhakikishia kuwa u mkavu, fahamu kwamba mtu aliyeishi miaka 4 akijinusa kila saa hawezi kuacha tabia hiyo kwa siku moja, na waombe wakuunganishe na mshauri nasaha, kwa sababu wamewahudumia wanawake wengi wenye hofu hiyohiyo. Mchague mtu mmoja, nadhani mama yako anafaa, ambaye utamwuliza mara moja tu asubuhi kama kuna harufu, akisema haipo umwamini mpaka kesho yake. Kwaya pia usiianze Jumapili mbele ya watu. Nenda mazoezini siku za juma, ukae na wa sauti ya kwanza, uimbe bila joho, na uwaambie viongozi kwamba utapanda jukwaani siku utakayojisikia. Sauti yako haikupata fistula, mwanangu, nami naamini usharika umeikosa.

Na sasa msamaha.

Naona kuna watu watatu unaotakiwa kuwasamehe, nao hawakukosa kwa namna moja. Wa kwanza ni wewe mwenyewe, uliyeandika kwamba ulitaka kwenda hospitali ukaona haya kubishana na mkubwa. Binti wa miaka 22 katika ukoo wa mumewe, akiwa katika uchungu, usiku, hana nauli mkononi, alikuwa na uwezo gani wa kuamua? Hapo sioni dhambi ya kutubu. Wa pili ni mama mkwe. Alikosea, na kosa lake lilikugharimu mtoto na miaka 4 ya maisha yako, lakini alitenda kwa kutojua. Mwili wake ulizaa kwa urahisi naye akadhani miili yote iko hivyo. Kumsamehe yeye kunaweza kuwa njia ya kuanzia, kwa kuwa hakukukusudia mabaya.

Mume wako ni habari nyingine. Alijua. Aliona, akasema maneno yale mbele ya ndugu zake, akakurudisha na sanduku, na kwa miaka 4 hakuwahi kupanda basi kuja kukutazama wala kuulizia dawa, ingawa kiapo alichokula kanisani kilitaja shida na raha, ugonjwa na afya. Ninayasema haya kwa uzito kwa sababu msamaha wa kweli unahitaji kosa litajwe jinsi lilivyo. Ukianza kwa kusema hakikuwa kitu, hutakuwa umesamehe chochote. Zaburi ya 55 inamlalamikia mtu wa namna hii: mtunzi anasema kama adui ndiye angemtukana angevumilia, lakini aliyemtenda ni rafiki aliyekwenda naye nyumbani mwa Mungu. Isome kwa sauti ukiwa peke yako. Mungu aliyeikubali zaburi hiyo iwe katika kitabu chake hakasirishwi na hasira yako.

Wazee wamekuletea Mathayo 18 mstari wa 22, nami naikubali bila kuipunguza: saba mara sabini ni agizo la Bwana. Ila katika sura hiyohiyo, mstari wa 15 hadi wa 17, Bwana alitangulia kutoa utaratibu. Aliyekosewa anamwendea mkosaji na kumweleza kosa lake. Asiposikia, wanachukuliwa mashahidi. Asiposikia tena, kanisa linaambiwa. Katika Luka 17 mstari wa 3 anasema ndugu akikosa aonywe, na akitubu asamehewe. Nani alimwonya mume wako katika miaka hiyo 4? Alipoishi na mwanamke mwingine ilhali ana mke wa ndoa ya Kikristo, wazee hao walikwenda mara ngapi nyumbani kwake? Siwahukumu, kwa maana siwajui, lakini mzee wa kanisa anayefika kwa aliyefukuzwa kabla ya kufika kwa aliyefukuza ameanza kazi yake kwa kinyume.

Kuna habari katika 1 Samweli, sura ya 24 na ya 26, ambayo ningependa uisome mara kadhaa kabla ya mwisho wa mwezi. Sauli alimwinda Daudi ili amwue, na mara mbili Daudi alipata nafasi ya kulipiza kisasi, kwanza pangoni kule En-gedi na baadaye usiku kambini. Mara zote mbili alimwacha hai. Mara ya pili Sauli alikiri kwamba amekosa, akamwita mwanawe, akamsihi arudi na kumwahidi kwamba hatamdhuru tena. Daudi alimjibu kwa heshima, akaurudisha mkuki wa mfalme, akaukabidhi uhai wake kwa Bwana, na sura inaisha Daudi akienda zake na Sauli akirudi mahali pake. Hakurudi kwa Sauli. Sauli alikuwa amekwisha kulia na kukiri kosa lake mara ya kwanza, kisha akatoka tena kumwinda, na Daudi alikuwa na kumbukumbu nzuri. Hata hivyo hakuna anayeweza kumwita Daudi mtu asiyesamehe, kwani Sauli alipokufa alirarua mavazi yake akamlilia na kumfanyia maombolezo.

Msamaha, mwanangu, ni jambo lako na Mungu: unaachilia haki ya kulipiza, unaacha kumwombea mabaya, unaiweka kesi mezani kwa Mwenye kuhukumu kwa haki. Huo umeagizwa kwako hata kama mume wako hatabadilika kamwe. Kuishi naye tena nyumba moja ni jambo la watu wawili, nalo hujengwa juu ya toba inayoonekana na uaminifu uliojaribiwa. Mtu akikusamehe deni hajafungwa kukukopesha tena kesho yake. Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako ni kwamba hutendi dhambi kwa kutokurudi mwisho wa mwezi huu. Ungetenda dhambi kama ungeazimia moyoni kumchukia mpaka kaburini, na aliye na azimio hilo hahangaiki na Sala ya Bwana kama unavyohangaika wewe. Usinyamaze tena pale. Sema maneno yale pamoja na wenzako ukiyafanya ombi, kwamba Bwana, bado siwezi, nifikishe huko. Itachukua muda, na kuna siku utajiona umefika kisha kesho yake ukasikia maneno yake ya “mtu anayenuka” na hasira ikaamka upya. Hiyo haifuti msamaha ulioutoa jana, inakudai tu uutoe tena, na mimi huamini hiyo nayo imo katika saba mara sabini.

Simaanishi pia kwamba usirudi kamwe. Ninyi ni mume na mke mbele ya Mungu, na nimeona nyumba zilizovunjika vibaya zikisimama tena. Lakini yapo ya lazima kabla ya jambo hilo hata kuzungumzwa. Aje mwenyewe, asitume watu. Aseme mbele ya wazazi wako yale aliyosema mbele ya ndugu zake, akiri kuwa alikosa, na aeleze mwanamke yule ameondokaje na kama kuna mtoto. Mkutane na mchungaji zaidi ya mara moja. Nyote wawili mpime VVU na magonjwa mengine ya zinaa, na majibu myapokee pamoja. Aende nawe kwa daktari akasikie kwa masikio yake kwamba mimba yoyote utakayopata inapaswa kufuatiliwa kliniki tangu mwanzo na mtoto azaliwe hospitalini kwa upasuaji, kwa kuwa uchungu mwingine mrefu unaweza kuirudisha fistula. Akubali hilo bila mama yake kuwa na neno la mwisho. Mwanamume anayekutaka wewe atayabeba haya hata yakichukua mwaka mzima. Anayetaka tu mtu wa kupika na kuzaa baada ya mwingine kuondoka atachoka mapema, nawe utakuwa umemjua ukiwa bado kwa wazazi wako.

Mama yako anayelia usimbishie. Anaogopa aibu na upweke wako, naye amekufulia nguo miaka 4. Mketishe umsomee barua hii. Na kama ikifika mahali ndoa haiwezekani, ujue kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ukatili, pamoja na kutelekezwa kwa makusudi kwa miaka 3 au zaidi, kuwa ushahidi wa ndoa iliyovunjika, na kwamba shauri huanzia Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Sikushauri uende huko sasa. Nakueleza ili asije mtu akakwambia huna pa kusimama.

Wazee wakija, mwombe baba yako akae nawe, na kama sauti itakupotea, yeye aseme kwa niaba yako. Maneno yanaweza kuwa haya: “Nimeupokea ujumbe wa mume wangu. Ninamwomba Mungu anisaidie kumsamehe kwa moyo wangu wote, na nimekwisha kuanza. Kuhusu kurudi, sitajibu kwa wajumbe. Yeye mwenyewe aje hapa kwa wazazi wangu, pamoja na mchungaji, tuzungumze yaliyotokea tangu siku mtoto wetu alipofariki. Ninawaomba ninyi wazee mkamwambie hivyo, na mkamwombee.” Wakirudia mstari wa 22, waombe kwa heshima wafungue Biblia wakusomee kuanzia wa 15.